Shajara ya mradi: "Zamu", gemu ya majukwaa yenye watu watatu na pedi moja (kidhibiti cha vitufe)

Zamu ni gemu ya kuruka na kupanda, ya pande mbili, ambamo mchezaji mmoja anaongoza watu watatu kwa kupokezana. Mkwezi anaruka juu kuliko wenzake na anapanda minazi, kamba na kuta za mawe. Hamali anasukuma makasha, na mzigo alioubeba kichwani unakanyagika kama jukwaa. Mpiga Mbizi, ambaye humu tunamwita Mbizi, anaogelea, anazama na kupenya mashimo yenye kimo cha kigae kimoja, yaani kipande kimoja cha mraba kati ya vile vinavyojenga steji. Mahali ni gati la zamani lenye maghala, minazi na mifereji ya maji. Steji haiishi mpaka wote watatu wapande jahazini.

Gemu za namna hii zina ukoo wake. Head over Heels ya 1987, ya Jon Ritman na Bernie Drummond, ilikuwa na viumbe wawili, mmoja hodari wa kuruka na mwingine wa kukimbia. The Lost Vikings ya Silicon & Synapse, kampuni iliyokuja kuitwa Blizzard, ilitoka 1993 na ndiyo iliyoweka sheria tunazozifuata. Erik anakimbia, anaruka na kubomoa kuta kwa kichwa. Baleog ana upanga na upinde. Olaf ana ngao, na akiishika juu ya kichwa wenzake wanaikanyaga. Trine ya Frozenbyte, 2009, ilipita njia nyingine: ukicheza peke yako, mashujaa watatu wanatumia nafasi moja, mmoja anatoweka na mwingine anatokea palepale. Sisi tumefuata njia ya 1993. Anayeachwa nyuma akibaki kweli, na mwili wake na uzito wake, kila unapobadilisha mtu unakuwa umeamua pia nani asimame wapi. Karibu kila hitilafu iliyoandikwa hapa chini ilitoka kwa wale wawili wasioongozwa, na anayetaka kutengeneza gemu kama hii apange muda wake akijua hivyo.

11 Januari 2025: Vifaa

Injini, yaani programu tunayojengea na kuendeshea gemu, ni Godot 4.3. Haina malipo, leseni yake ni MIT, na ukichagua mfumo wa kuchora wa Compatibility inakwenda hata kwenye laptop ya zamani. Picha zinachorwa kwa LibreSprite. Sauti za nyayo, maji na mbao zimetoka kwenye makusanyo ya leseni ya CC0, inayoruhusu yeyote kuzitumia bure. Msimbo wote uko kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la faili. Kilichonunuliwa ni pedi moja ya USB ya mtumba, shilingi 20,000 za Tanzania. Toleo la injini halitapandishwa mpaka gemu itoke.

Skrini ni pikseli 320 kwa 180, kigae ni pikseli 16. Ukizidisha mara 4 unapata 1280 kwa 720, mara 6 unapata 1920 kwa 1080, na pikseli zinabaki za mraba. Laptop nyingi za mtumba zina skrini ya 1366 kwa 768, na hapo hesabu haigawanyiki. Weka ukuzaji wa namba kamili kwenye mipangilio ya dirisha na ukubali ukingo mweusi pembeni. Ukiacha injini ivute picha ijae skrini, pikseli nyingine zinakuwa nene na nyingine nyembamba, na Mkwezi anapotembea uso wake unachezacheza.

26 Januari 2025: Miili mitatu, miruko mitatu

Kila mtu ni CharacterBody2D, aina ya mwili wa Godot unaosogezwa na msimbo wetu: skripti moja, namba tofauti. Mvuto ni 900 kwa wote. Kasi na nguvu ya mruko ni kwa pikseli kwa sekunde:

Mkwezi: mwili 10 kwa 22, kasi 100, mruko 300, apande vigae 3
Mbizi: mwili 10 kwa 20, akiinama kimo 14, kasi 80, mruko 250, apande vigae 2
Hamali: mwili 14 kwa 24, kasi 60, mruko 180, apande kigae 1

Tatu, mbili, moja. Tofauti ikiwa kigae kizima, mchezaji anapima kwa jicho bila kujaribu. Mzigo wa Hamali una unene wa pikseli 8, hivyo juu yake ni 32 kutoka ardhini, vigae 2 kamili. Mkwezi akirukia hapo anafika vigae 5, Mbizi anafika 4.

Hesabu ya kitabuni inasema kimo cha mruko ni nguvu kwa nguvu, gawa kwa mvuto mara mbili. Kwa Mkwezi: 90,000 gawa kwa 1,800, pikseli 50. Vigae 3 ni 48, kwa hiyo angepita. Kwenye gemu aligonga ukingo kila mara. Sababu ni mpangilio wa mistari miwili ya msimbo. Injini inasogeza mwili mara 60 kwa sekunde, hatua kwa hatua, na mstari wa kuruka ulikuwa juu ya mstari wa mvuto. Fremu ileile aliyoruka (fremu ni hatua moja kati ya hizo 60), mvuto ulikuwa umeshamkata 15. Jumlisha hatua zote unapata 47.5, nusu pikseli pungufu. Mpangilio sahihi ni huu:

velocity.y += MVUTO * delta
if amri.ruka and is_on_floor():
    velocity.y = -nguvu_ya_mruko
velocity.x = move_toward(velocity.x, amri.mwelekeo * kasi, kichapuzi * delta)
move_and_slide()

Kwa mpangilio huo Mkwezi anafika 52.5, Mbizi 36.8, Hamali 19.5. Wote wanapita kimo chao wakiwa na ziada ya pikseli 3 hadi 5, na hakuna anayeweza kuiba kigae cha zaidi. Idadi ya hatua za fizikia kwa sekunde nayo ifungwe kwenye 60 kabla hujachora steji hata moja. Ukiishusha hadi 30 ili kupunguza mzigo wa kompyuta, Mkwezi huyohuyo anaruka 55, na kila ulichopima kinaharibika.

Mashimo yana hesabu yake. Mchezaji anapewa huruma ya fremu 6 baada ya kutoka ukingoni, yaani kitufe cha kuruka bado kinakubali kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Bila hiyo watu wanalalamika kwamba pedi haisikii. Lakini kwa Mkwezi fremu 6 ni pikseli 10. Ongeza upana wa mwili wake, 10, na umbali anaosafiri hewani, karibu 68: anavuka pikseli 88. Kwa hiyo shimo analopaswa kuvuka lisizidi vigae 4, na asilopaswa kuvuka lisipungue 6. Shimo la vigae 5 limepigwa marufuku kwenye mradi, kwa sababu anayejua kubonyeza kwa kuchelewa atalivuka na fumbo zima litakuwa halina kazi.

9 Februari 2025: Kubadilisha mtu

Jaribio la kwanza lilikuwa kuzima skripti ya asiye na zamu kwa set_physics_process(false). Usitumie njia hii. Ukibadilisha mtu Mkwezi akiwa hewani, ananing'inia hapo hapo. Hamali akiondoka, aliyekuwa kasimama juu ya mzigo wake anabaki ameelea. Wajaribu waligundua haraka kwamba wanaweza kuruka, kubadilisha, na kumtumia aliyeganda kama ngazi.

Jaribio la pili lilimwacha kila mmoja asome vitufe mwenyewe akiuliza kwanza kama zamu ni yake. Hapo hitilafu ilikuwa ya kinyume: kasi ya mwisho ilibaki, na mtu aliyekuwa anakimbia wakati wa kubadilishwa aliendelea kukimbia mpaka majini.

Kilichosimama ni hiki. Nodi moja (kijenzi cha gemu ndani ya Godot), Msimamizi, ndiyo pekee inayosoma vitufe. Kila fremu inampa kila mtu amri: mwelekeo, kuruka, kutenda. Mwenye zamu anapata amri ya kweli, wengine wanapata amri tupu. Fizikia inaendelea kwa wote. Aliye hewani anaanguka, aliye kwenye mwendo anapunguza kasi mwenyewe kwa sababu mwelekeo wake ni sifuri.

Amri tupu nayo ina mtego. Mbizi anainama kwa kushikilia kitufe cha chini. Ukimwacha ndani ya shimo la kigae kimoja na kumchukua Hamali, amri yake inakuwa tupu, kitufe cha chini hakipo, anasimama, na mwili wake wenye kimo cha 20 unaingia kwenye dari ya 16. Injini inamsukuma nje kwa njia inayojua yenyewe, wakati mwingine upande wa pili wa ukuta. Dawa: kusimama kusiamuliwe na kitufe. ShapeCast2D inapima nafasi juu ya kichwa, na kama haipo anabaki ameinama hata zamu ikiwa ya nani. Kanuni hii tumeipeleka kwa kila uwezo. Mkwezi aliyeachwa kwenye kamba anabaki ameishika. Hamali aliyeachwa na mzigo kichwani anabaki nao. Hali ya mwili inatokana na mazingira, kitufe kinaomba tu mabadiliko.

Vitufe: L1 kwa aliyetangulia, R1 kwa anayefuata, na kwenye kibodi 1, 2, 3. Kwa watu watatu L na R zinatosha kumfikia yeyote kwa kubonyeza mara moja. Wazo la kuongeza mtu wa nne, mvuvi mwenye nyavu, lilikufa hapa. Kwa watu wanne kuna mmoja ambaye kila mara yuko mbali kwa mibonyezo miwili, na ukiwa na haraka unampita.

2 Machi 2025: Kusimama juu ya mzigo

Sehemu hii ndiyo iliyokula muda kuliko zote, na bila hiyo hakuna gemu.

Mzigo ni umbo la mgongano linalozuia kutoka juu tu, one_way_collision, ili wenzake waweze kuruka kupitia chini. Kusimama kulikwenda vizuri. Hamali akianza kutembea na Mkwezi kichwani, Mkwezi anatetemeka, na baada ya vigae kadhaa anateleza kwa nyuma. Sababu ni zamu za ndani za injini. Kama skripti ya Mkwezi inakwenda kabla ya ile ya Hamali, Mkwezi anasogezwa kwa kufuata mahali Hamali alipokuwa fremu iliyopita. Hamali anakwenda pikseli 60 kwa sekunde, yaani pikseli moja kwa fremu, kwa hiyo abiria anachelewa pikseli moja anapoanza na anazidi pikseli moja anaposimama. Kwenye skrini ya pikseli 320 iliyokuzwa mara 4, jicho linaona.

Tuliacha kuitegemea injini kwa jambo hili. Hatua ni hizi. Watu wanawekwa kwenye tabaka lao la mgongano, yaani kundi linaloamua nani agongane na nani, tofauti na dunia. Tabaka hilo linaondolewa kwenye platform_floor_layers, orodha ya sakafu zinazobeba aliye juu yake, ili injini isimbebe abiria kwa hesabu yake. Hamali anapewa process_physics_priority ndogo kuliko wenzake, hivyo anatangulia siku zote. Baada ya move_and_slide(), amri inayousogeza mwili, anapima amesogea kiasi gani kweli, si kiasi alichokusudia, na anampa abiria tofauti hiyo. Abiria anasogea kiasi hicho kwa move_and_collide(), inayosimama ikigonga kitu, kabla ya kufanya mambo yake.

Ile "kweli" ina uzito. Hamali akigonga ukuta, kasi aliyokusudia ni 60 lakini amesogea sifuri. Ukimpa abiria kasi, atatembea hewani mbele ya ukuta. Na move_and_collide() inahitajika kwa sababu abiria anaweza kugonga boriti ambayo Hamali anapita chini yake: Mkwezi anazuiliwa, mzigo unapita chini ya miguu yake, anaanguka nyuma ya Hamali. Hilo tuliliacha kwa makusudi, na steji mbili zinalitumia.

Hamali akiwa na abiria haruki kabisa. Tulijaribu kumruhusu, na papo hapo vigae 5 vya Mkwezi vikawa 6, kwa sababu unaweza kumrusha Hamali, ubadilishe, umrushe Mkwezi wakati mzigo uko juu. Mchezo huo unafurahisha, lakini unavunja kila ukuta uliopimwa.

23 Machi 2025: Makasha

RigidBody2D, mwili unaosogezwa na injini yenyewe, inavutia kwa makasha kwa sababu fizikia inakuja bure. Kwetu yalipinda, yalinasa kwenye maungio ya vigae, na lililoanguka kutoka kimo kilekile halikutua mahali palepale. Fumbo linadai kasha litue mahali palepale. Sasa kasha ni CharacterBody2D yenye mvuto wake, linasukumwa kwa 40, na likiachwa linajivuta kwenye mstari wa kigae ulio karibu. Msimbo uliongezeka kidogo, matatizo yote matatu yakaisha.

13 Aprili 2025: Kamera

Ukibadilisha mtu aliye mbali, kamera iende vipi?

Kukata ghafla kulipoteza watu: walijua wamebadilisha, hawakujua wako upande gani wa steji. Ulainishaji wa Camera2D unakwenda haraka mwanzoni na polepole mwishoni, hivyo kwa umbali mrefu mchezaji anaanza kubonyeza wakati bado hamwoni mtu wake. Tulichoweka ni Tween, mwendo wa muda uliopangwa, ya robo sekunde, iwe umbali ni vigae 5 au 60. Kwa robo sekunde hiyo dunia nzima inasimamishwa kwa get_tree().paused, na kamera pekee imewekwa PROCESS_MODE_ALWAYS. Usipoiweka hivyo Tween nayo inasimama, na gemu inaganda daima. Zima ulainishaji wa kamera wakati Tween inakwenda, la sivyo viwili hivyo vinavutana na kamera inachelewa kufika.

Kusimamisha dunia kuna faida nyingine: hakuna anayekufa wakati mchezaji haoni.

Chini ya skrini kuna nyuso tatu. Uso wa mwenye zamu una ukingo wa njano, na wengine wana mshale mdogo unaoonyesha walipo. Uso unabadilika mtu akiwa majini, akiwa kwenye kamba, akiwa amebeba mwenzake. Mchezaji anapata habari za walioachwa bila kuwatembelea, na idadi ya kubadilisha kwa ajili ya kuchungulia tu ilipungua waziwazi.

11 Mei 2025: Maji kujaa na kupwa

Maji ni Area2D, eneo linalotambua aliyeingia ndani yake. Mbizi anaogelea humo kwa 70 na ana pumzi ya sekunde 12. Wengine wakizama wanarudishwa nchi kavu, utaratibu wake uko kwenye ingizo la Julai.

Wazo lilikuwa kutumia maji kujaa na kupwa kama saa ya steji. Toleo la kwanza lilikwenda na muda: sekunde 40 za kujaa, 40 za kupwa. Likashindwa kwa sababu aliyekosa nafasi anakaa anangoja bila kazi, na fumbo la kufikiri halichezeki na saa inayokimbiza. Toleo la pili lilikuwa maji yapande daraja moja kila unapobadilisha mtu. Kwenye karatasi lilionekana zuri sana, linafunga kila kitu kwenye zamu. Kwenye mikono ya wajaribu lilifanya kubadilisha kuwe na bei. Watu waliacha kujaribu, wakawa wanamng'ang'ania mtu mmoja mpaka ashindwe kabisa ndipo wabadilishe. Kitendo ambacho gemu yote imejengwa juu yake kisitozwe chochote: hicho ndicho tulichokitoa kwenye mwezi mzima wa kazi ya maji.

Sasa maji yanaongozwa na mlango wa mfereji. Gurudumu lake liko chini ya maji, Mbizi analizungusha, kina kinashuka au kupanda vigae 3 na kubaki hapo. Makasha ya mbao yanaelea, ya chuma hayaelei, na yamepakwa rangi tofauti.

15 Juni 2025: Steji

Steji 12 zimekwisha chorwa kwa TileMapLayer (tabaka la vigae) mbili, moja ya dunia na moja ya mapambo. Kipimo tunachotumia kabla ya kukubali steji: mwondoe mtu mmoja kwenye faili, kisha jaribu kufikisha wawili jahazini. Wakifika, aliyeondolewa alikuwa mzigo tu na steji inarudi mezani. Rudia kwa kila mmoja. Steji nyingi za awali zilianguka hapo, na karibu zote kwa Mkwezi. Anayeruka juu na kupanda kuta anaweza kufanya kazi ya wote usipomzuia. Kinachomzuia vizuri ni dari ya chini na maji. Kuta za saruji laini asizoweza kuzipanda zitumike kidogo, maana mchezaji anaziona kama sheria iliyobandikwa kwa ajili ya kumkera.

Tatizo la pili ni usafirishaji. Mlango umefunguka, fumbo limekwisha, lakini mchezaji bado anapaswa kumtembeza mtu wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu kwenye ukumbi uleule. Hapo ndipo watu wanaweka pedi chini. Tulifanya mambo mawili. Kila fumbo kubwa likiisha linafungua njia ya mkato kuelekea walipobaki wengine: kamba inashuka, ubao unaanguka. Pia kuna kitufe cha kuita. Ukikibonyeza, aliye kwenye sakafu ileile anakufuata kwa miguu.

Kufuata ni rahisi kwa nje. Anayefuata anakwenda kuelekea alipo kiongozi, na RayCast2D, mstari wa kupimia, iliyoelekezwa chini, pikseli 10 mbele yake, ikikosa ardhi anasimama. Haruki kamwe: anayefuata akianza kuruka mwenyewe, atafanya makosa ambayo mchezaji atahisi ameyafanya yeye. Mtetemo ulitokea aliposimama umbali wa pikseli 20 hasa, anasogea, anarudi, anasogea. Uliisha kwa kutumia mipaka miwili: anaanza kutembea umbali ukizidi 28, anasimama ukifika 18.

6 Julai 2025: Kifo, kukwama, na kurudisha zamu

Kwenye The Lost Vikings mmoja akifa steji haimaliziki, unaanza upya. Kwa steji ndefu adhabu hiyo ni kali mno kwa mchezaji wa leo. Tulijaribu kumrudisha aliyekufa kwenye bendera ya mwisho aliyoipita, na mara moja ikawa usafiri wa bure: umemaliza kazi na Mkwezi mbali, mzamishe, atatokea nyumbani. Sasa anarudi mahali pa mwisho pakavu alipokanyaga kwa angalau nusu sekunde. Mahali panaandikwa tu kama sakafu ni ya tabaka la dunia. Ukiruhusu mzigo wa Hamali au kasha linaloelea kuhesabiwa, mtu anarudishwa juu ya kitu kilichokwisha ondoka na anazama tena, na tena, bila mwisho.

Kukwama bila kufa ni kubaya zaidi. Kasha limesukumwa kwenye kona, Hamali ameshuka mahali ambapo mruko wake wa kigae kimoja haumtoi, na gemu haisemi lolote. Kwa kila steji tunachora jedwali la kila mteremko usio na njia ya kurudi, na kuandika nani anaweza kumtoa nani. Ambapo jibu ni "hakuna" tunaongeza kamba au ngazi ya mawe.

Jedwali halikamati yote, ndipo ikaja kurudisha zamu. Kila unapobadilisha mtu, gemu inahifadhi nafasi na hali ya watu watatu, makasha, milango na kina cha maji. Kila hifadhi hiyo tunaiita picha: 32 za mwisho zinabaki, ya zamani inafutwa. Kitufe cha Select kinakurudisha zamu moja nyuma. Makasha kuwa CharacterBody2D kulilipa hapa: nafasi unayoiandika inakubalika palepale, wakati RigidBody2D ingeifuta kwa hesabu yake mwenyewe fremu inayofuata.

Hitilafu moja ilijificha kwa muda. Ukibadilisha mtu huku Mkwezi yuko hewani, picha inahifadhiwa na kasi yake ya kuanguka. Kama chini yake kuna maji, kurudisha kunamrudisha kwenye anguko lilelile. Hatukuondoa kasi, maana kuna mafumbo halali ya kubadilisha hewani. Tuliongeza kanuni kwamba ukirudisha mara mbili mfululizo ndani ya sekunde 2, gemu inaruka hadi picha ya karibu ambayo wote watatu walikuwa wamekanyaga.

10 Agosti 2025: Simu

Nyuso tatu za chini zikawa vitufe vya kubadilisha, na ndilo jambo lililokwenda kwa urahisi kuliko yote. Ukubwa wa kitufe usipungue dp 48 (dp ni kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa pikseli), karibu milimita 9 kwenye kioo. Nyuso zetu za pikseli 16 zilikuwa ndogo mno kwenye simu ya bei nafuu, zikapandishwa hadi 24. Kuruka kuko kulia, mwendo kushoto, kuita ni kugusa na kushikilia uso wa mwenzako.

14 Septemba 2025: Toleo la kwanza

Gemu imewekwa kwenye itch.io, ambako kupakia hakuna ada. Kuna faili la Windows, la Linux, na toleo la kivinjari. Tangu Godot 4.3 toleo la kivinjari linaweza kutengenezwa bila nyuzi nyingi (kazi zinazoendeshwa sambamba), hivyo halihitaji mipangilio maalumu ya seva. Bado ni makumi ya megabaiti ya kupakua kabla ya picha ya kwanza, na mwenye bando dogo anastahili kujua hilo mapema. Tumeliandika juu kabisa ya ukurasa na kuweka faili la kupakua mara moja likachezwa bila intaneti.

Gharama mpaka sasa: pedi 20,000, kurekodi udi na dumbaki kwa nyimbo tatu 150,000, jumla shilingi 170,000. Google Play ni dola 25, zinalipwa mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi inadai wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya gemu kuruhusiwa kuwa ya umma. Steam ni dola 100 kwa kila gemu. Play inafuata, Steam itasubiri.

Yaliyobaki kwenye orodha: steji ya 9 bado inamalizika bila Mbizi kwa anayejua kusukuma kasha la mbao wakati maji yanapanda, sauti ya kuita inafanana mno na ya kubadilisha, na kwenye simu zenye skrini ya Hz 90, inayochora mara 90 kwa sekunde, mwendo unaonekana wa kukatakata kwa sababu fizikia iko kwenye 60. Ulainishaji wa fizikia wa 2D uliokuja na Godot 4.3 unatibu hilo la mwisho, ila aliyerudishwa kutoka majini anaonekana akiteleza kutoka alipozama hadi anaporudi, mpaka uite reset_physics_interpolation() baada ya kumhamisha. Tumeiweka kwa watu watatu. Makasha na milango bado.